Mlio nilioupuuza siku moja baada ya kuzungusha matairi

Siku hiyo nilikuwa na mama yangu, mke wangu na watoto wawili ndani ya gari, ndo maana hii habari siwezi kuiweka tu moyoni nikaisahau. Mpaka leo nikikumbuka ile nati ilivyotoka kwenye kofia ya rimu ikaniangukia kiganjani, nasikia mikono inalegea.

Nianze na Ijumaa yake. Gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele, na gari la hivo matairi ya mbele ndo yanakula kila shida, yanavuta, yanakata kona, yanabeba sehemu kubwa ya breki, kwa hiyo yanaisha haraka kuliko ya nyuma. Nilikuwa nimeshatembea kama kilomita 10,000 tangu nizungushe mara ya mwisho, yani kuyabadilishana nafasi, na ya mbele yalikuwa yameanza kuliwa pembeni. Nikapeleka gereji, ya mbele yakarudishwa nyuma moja kwa moja, ya nyuma yakaja mbele kwa kupishana, la kushoto kulia la kulia kushoto. Kazi ya kawaida kabisa. Nilisimama pale nikaangalia fundi anafungua kwa mashine ya upepo, anafunga, nikaona tairi ya kwanza ya pili ya tatu, kwenye ya nne akaitwa kwenye gari lingine, akaja kijana mwingine akashusha jeki, akabandika zile kofia za plastiki, nikaambiwa tayari. Nikalipa nikaondoka. Mda ule sikuona tatizo lolote, na ndo sehemu inayoniuma, yani nilikuwa nimesimama pale pale kwa macho yangu.

Jumamosi asubuhi tukaanza safari, kama kilomita 140 hivi. Mimi nyuma ya usukani, mke wangu pembeni, mama amekaa nyuma upande wa kushoto na watoto wamebanana naye. Kilomita kama thelathini za mwanzo kimya. Afu nikaanza kusikia kitu kwa mbali sana, tak, tak, tak, hasa nikipunguza mwendo kwenye matuta, nikajua ni jiwe limenasa kwenye tairi. Nikiongeza mwendo mlio unapotelea kwenye kelele za upepo, kwa hiyo nikawa naongeza mwendo, yani bila kujua nilikuwa naukimbia mlio badala ya kuusikiliza.

Mama ndo alisema wa kwanza. "Mwanangu, hiki kinachogonga huku chini yangu ni nini?" Nikamjibu, "Mama usijali, matairi yamebadilishwa jana tu, yanatulia yenyewe." Akanyamaza. Baada ya kama dakika kumi akasema tena, safari hii alisema kiti kinatetemeka mpaka miguu inamuwasha, na mimi nimeshika usukani nasikia umetulia kabisa, hauchezi hata kidogo, nikamwambia barabara ndo mbaya.

Sasa hapa nataka nikae kidogo maana ndo jambo kubwa nililojifunza na sikuwahi kuambiwa na mtu. Gurudumu la mbele likiwa na shida unalisikia kwenye usukani, mikono inakwambia. Gurudumu la nyuma likiwa na shida usukani unaweza kuwa umetulia kabisa, mtetemo unapitia kwenye sakafu na kwenye kiti. Dereva ndo mtu aliyekaa mbali zaidi na tatizo. Aliyekaa juu yake ni abiria wa nyuma, na mara nyingi abiria wa nyuma ni mtoto au mzazi, watu ambao wakisema kitu kuhusu gari tunawajibu haraka haraka ili wanyamaze. Mama yangu hajawahi kuendesha gari maisha yake yote na alikuwa anaelewa hali ya gari langu kuliko mimi.

Na lile jibu langu, "yamebadilishwa jana tu", nilikuwa nalitumia kama ushahidi kwamba haiwezi kuwa magurudumu. Nilishafikiria shokapu, nikafikiria beringi, nikafikiria boljointi, vitu vyote ambavyo havijaguswa na mtu kwa miezi, nikaruka kile kimoja ambacho mtu alikifungua na kukifunga jana yake jioni. Sa hizi nawaza kinyume kabisa. Gari likitoka kwa fundi na likaanza kufanya kitu ambacho lilikuwa halifanyi, mimi naanzia pale alipogusa, hata kama fundi ni ndugu yangu na namwamini.

Kilichonisimamisha mwisho wake ni kona. Kulikuwa na kona ndefu ya kulia, gari likaegemea kushoto, na ule mlio ukabadilika, ukawa mzito, sio tak tena, ni go, go, go, unafuatana na mzunguko wa tairi. Nikatoka kwenye kona ukapungua. Hapo ndo akili ilikaa sawa, jiwe haliwezi kujua kama upo kwenye kona. Nikawasha taa za hazadi, nikaachia mafuta taratibu, sikukanyaga breki kwa nguvu, nikaitoa gari nje ya barabara mpaka sehemu ya tambarare mbali na magari yanayopita, nikawashusha wote wakakae mbali.

Nikaenda nyuma kushoto, nikabandua ile kofia ya plastiki. Nati moja ilikuwa ndani ya kofia, imetoka kabisa kwenye stadi yake, yani kile chuma chenye meno kinachofungiwa nati, ikaniangukia mkononi na ilikuwa ya moto. Zilizobaki nne nikazijaribu kwa vidole tu, bila spana, mbili zikazunguka kama kifuniko cha chupa. Mbili zilikuwa zimeshika kidogo. Rimu ilikuwa na vumbi la chuma jekundu jekundu limezunguka matundu, na matundu yenyewe mawili hayakuwa ya duara tena, yalikuwa yameliwa upande mmoja yamekuwa marefu kama yai. Nilishika tairi kwa juu nikalisukuma, likacheza. Tairi zima, na gari limekaa juu yake.

Watoto walikuwa wananiita baba vipi, nikashindwa kujibu kwa mda.

Wazo la kwanza lilikuwa kukaza niendelee. Nashukuru sikufanya hivo. Rimu ikishakuwa na matundu yaliyoliwa, nati haipati pa kukaa, utaikaza itaonekana imeshika na baada ya kilomita chache upo pale pale. Nikatoa tairi la akiba, nikazuia magurudumu mengine kwa mawe, nikainua kwa tahadhari kubwa maana gurudumu lililolegea linahama wakati gari linapanda. Nilivyotoa lile tairi nikaona stadi mbili meno yake yamesagika, nati inaingia nusu inagoma. Kwa hiyo zilizobaki nzima ni tatu kati ya tano. Kuna mbinu ambayo watu wengi wanaijua, kwamba nati zikipotea unaazima moja moja kutoka kwenye magurudumu mengine ufike kwa fundi taratibu, na hiyo inasaidia kama kilichopotea ni nati tu. Mimi sikuwa na shida ya nati, nilikuwa na shida ya stadi, nati ya kuazima ingekaa kwenye nini? Nikapiga simu, ndugu mmoja akaja kumchukua mama na watoto na mke wangu, mi nikabaki na gari mpaka fundi mwingine akaja na stadi mpya. Alizitoa zile mbovu kwa kuzigonga na nyundo kutoka kwenye habu, kile chuma cha katikati kinachofungiwa gurudumu, akaziingiza mpya akizivuta na nati na washa, kile kibati cha duara chenye tundu, mpaka zikakaa mwisho. Zote tano alibadilisha, sio mbili, akasema hizo tatu nazo zimetingishwa mda wote huo zikibeba mzigo wa wenzake, huwezi jua zimechoka kiasi gani. Nilikubali bila ubishi.

Baada ya hapo nilitumia wiki kadhaa kuelewa, maana sikutaka kubaki na jibu la "fundi alisahau" tu. Alisahau kweli, nilirudi kwenye ile gereji tukaongea vizuri, yule kijana alisema mwenyewe kwamba alipokabidhiwa alijua mwenzake ameshakaza, na mwenzake alijua yeye atamalizia. Nati za gurudumu la nne zilikuwa zimezungushwa kwa mkono tu zikafika mwisho. Sikugombana nao. Lakini nilijua pia kwamba gurudumu linaweza kulegea hata kama kila mtu amefanya kazi yake, na hiyo ndo sehemu watu hawaijui.

Wengi tunadhani zile stadi ndo zimebeba gari, kwamba rimu imening'inia kwenye vyuma vitano. Sio hivo. Kinachobeba ni mbano. Ukikaza nati unaivuta stadi inarefuka kidogo sana kama mpira, nayo inataka kurudi, kwa hiyo inaibana rimu kwenye habu, na ule msuguano wa rimu na habu ndo unafanya visiteleze. Nati moja ya gari dogo ikikazwa sawasawa inabana kwa nguvu ya takriban tani nne. Kwa hiyo nati tano ni kama tani ishirini zinaibana rimu isisogee. Mbano ukipungua rimu inaanza kuteleza kidogo kidogo kila mzunguko, kulia kushoto, na hapo nati inaanza kujifungua yenyewe. Kuna mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua nati zaidi ni ule mtikisiko wa pembeni, vitu viwili vilivyobanwa vikiteleza kimoja juu ya kingine, kuliko hata mtikisiko wa kuvuta na kuachia. Nilivyosoma hiyo nikaelewa kwanini kilomita thelathini za mwanzo zilikuwa kimya halafu mambo yakaharibika haraka. Ikishaanza kuteleza haikupi mda, kila mzunguko unaongeza nafasi ya mzunguko unaofuata.

Na kwanini nati iliyokazwa vizuri nayo inaweza kupoteza mbano? Uchafu. Ukitoa tairi unakuta habu ina kutu, ina udongo, saa nyingine rimu imepakwa rangi nzito sehemu ile inapokutana na habu. Ukifunga juu ya hivo vitu, nati inashika, kipimo kinakubali, halafu gari linatembea ile kutu inasagika inageuka unga, inatoka, na pale ilipokuwa panabaki uwazi mdogo sana kama unene wa karatasi. Mbano wote ulikuwa unategemea stadi kurefuka kidogo tu, kwa hiyo uwazi mdogo hivo unatosha kuuondoa. Ndo maana unaambiwa ukague tena baada ya kama kilomita 80 hadi 100, na watu wengi wanaona kama ni maneno ya kujikinga tu. Sio maneno ya kujikinga, ni kwamba kazi ya kufunga gurudumu haijaisha pale gereji, inaisha baada ya vile vitu kukaa. Rimu za aloi ndo usithubutu kuruka hii hatua.

Kingine ni nati zenyewe. Kuna zenye kichwa cha koni, kuna za duara kama mpira, kuna zilizolala bapa na washa, na rimu imetengenezwa ipokee aina moja. Ukibadilisha rimu ukatumia nati za zamani ambazo sio za umbo lake zitashika ndio, ila zinagusa sehemu nyembamba kama uzi. Magari mengi ya Ulaya hayana stadi kabisa, yana bolti zinazoingia kwenye habu, hapo angalia na urefu pia, fupi inashika meno machache, ndefu inaweza kugusa vitu vya ndani.

Kwa kuwa langu lililegea upande wa kushoto niliuliza kama upande una maana, nikaambiwa zamani baadhi ya magari, Chrysler kwa mfano, yalikuwa na meno ya kinyume upande wa kushoto kwa hofu hiyo hiyo ya kujifungua, waliacha kwenye miaka ya 1970. Kwa leo jibu ni mbano sahihi pande zote.

Sasa mbano sahihi ni upi. Kitabu cha gari langu kinasema 103, kipimo ni Newton-mita, yani nguvu ya kukazia, magari mengi madogo yapo kati ya 80 na 140, usichukue namba yangu angalia ya kwako. Spana inayokuja na gari ina mkono wa kama sentimita 30, ukipiga hesabu unatakiwa ukandamize mwishoni mwake kwa uzito wa kama kilo 35. Hiyo ni nguvu ya mikono na mgongo kidogo, sio ya kupanda juu. Mimi kabla ya haya nilikuwa napanda juu ya spana kwa miguu nikiona ndo uhodari, na mtu wa kilo 75 akisimama pale ni zaidi ya 200, mara mbili ya kinachotakiwa. Stadi ikivutwa hivo inapitiliza, hairudi tena kama mpira, inabaki imerefuka na mbano unakufa, au inakatika siku nyingine. Mashine ya upepo nayo kwa mtu asiye makini inafanya hayo hayo, nati moja 60 ya pili 250, na kukaza bila usawa kunaweza kupindisha diski ya breki ukaanza kusikia pedali inakupiga mguu ukifunga breki. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumekaza sana bosi usiwe na wasiwasi" hiyo bado haijanituliza mimi. Kukaza sana na kukaza sawa ni vitu viwili. Na usipake oili kwenye meno kama kitabu hakijasema, nati inateleza kirahisi, kipimo kinasoma kile kile wakati stadi imeshavutwa kupita.

Nilinunua toki renchi, ile spana ndefu yenye kipimo, ukifika namba uliyoweka inalia klik. Sijutii hata kidogo. Tairi likitolewa napiga brashi ya waya kwenye habu na nyuma ya rimu mpaka chuma kionekane, naifuta. Nati zote nazianza kwa vidole, kama moja haitaki vidole haitapata spana mpaka nijue kwanini. Nazileta kwa kupishana, ukifunga hii unaruka ya jirani unaenda ya upande wa pili, kama unachora nyota, ili rimu ikae katikati isilale upande mmoja. Nashusha gari mpaka tairi liguse chini lisizunguke, ndo namalizia na kipimo, kwa kupishana hivo hivo, zote, afu narudia mzunguko mmoja kuhakikisha. Klik ikilia naacha, siongezi "kidogo cha usalama". Nikimaliza nairudisha toki renchi kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi, springi yake inachoka ukiiacha imekazwa.

Ile ya kukagua baada ya kilomita 80 na kitu watu wanaikosea pia. Hulegezi nati kwanza. Unaweka namba ile ile, rimu zikiwa zimepoa, unakandamiza kwa kukaza mpaka ilie. Ikilia bila nati kusogea, safi. Ikisogea kidogo, kawaida, ilikuwa inakaa. Ikisogea sana, robo mzunguko au zaidi, usifurahi kwamba umeiwahi, toa tairi uangalie nyuma yake kuna nini. Na nati ile ile ikilegea mara ya pili usiikaze mara ya tatu, kuna kitu kimeharibika pale, ni meno, ni tundu, au ni aina ya nati.

Mtu anaweza akaniuliza nitajuaje kama ni nati au ni balansi tu, yani uzito wa tairi haulingani pande zote. Balansi mbovu mara nyingi ina mwendo wake, labda inaanza 80 inaisha 110, na kesho ni vile vile kama leo. Gurudumu linalolegea halina adabu hiyo, lipo hata kwenye mwendo mdogo, linagonga, linabadilika kwenye kona, na zaidi ya yote linazidi, dakika kumi zilizopita lilikuwa dogo sasa ni kubwa. Kitu kinachozidi ndani ya safari moja, simama. Usisubiri kituo kinachofuata.

Kofia za plastiki nilizitoa zote, sijazirudisha. Nati zangu zipo wazi nimezichora mstari mmoja mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, mstari ukikatika naona nikiwa nimesimama. Kwenye malori na mabasi utaona vile vishale vya plastiki vya njano kwenye nati, viwili viwili vinaangaliana, kazi yake ndo hiyo hiyo.

Mama alivyosafiri tena na mimi alikaa pale pale nyuma kushoto. Kabla sijawasha nikamwambia mama ukisikia kitu niambie, na mimi nitasimama hapo hapo. Tulikuwa tumezungusha matairi juzi yake. Kilomita ya themanini nikasimama, nikatoa toki renchi kwenye buti, nati ishirini, kumi na tisa zililia bila kusogea, moja ya mbele kulia ikaenda kidogo sana ndo ikalia. Mama alikuwa amefungua kioo anahesabu na mimi.